Maneno Arobaini

Mkuu wangu kasema: maneno arobaini, yasizidi,
kikadi kienee chini ya fremu.
Picha namba saba. Rangi ya mafuta.
Mgongoni mwa kitambaa pana tarehe ya kizungu
iliyoliwa na mende ikabaki themanini na kitu.
Mchoraji: hajulikani.
Aliyechorwa: "Mwandishi, Tanga."
Kana kwamba Tanga nzima ilikuwa na mmoja.

Nimekaa naye wiki tatu, chumba kimoja,
feni ikilalamika juu yetu.
Nimemsoma kama barua ya posa:
kwanza upesi, kisha neno kwa neno,
kisha yale yasiyoandikwa.

Mkononi kapewa unyoya wa bata bukini.
Kapewa na nani? Pwani hii walichonga matete,
wakakoroga masizi na gundi.
Unyoya ule ni wa mchoraji, naapa,
umetoka sandukuni mwake pamoja na kiti,
maana kiti nacho si chetu: kirefu, chembamba,
na mtu aliyezoea mkeka
kakikalia kama anayekalia deni.

Kanzu imechorwa kwa mapenzi, kila kunjo na kivuli chake.
Uso umeharakishwa.
Sikio moja halikumalizwa.
Lakini kidole gumba cha kulia kina doa jeusi,
na doa hilo si la kubuni:
mchoraji aliliona, hakulielewa, akalichora.
Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Dokta Mng'ong'o wa chuo kikuu alikuja Jumanne,
akasimama, mikono nyuma, akasema: Huzuni.
Tazama jicho linavyokwepa. Anaona yajayo,
anaona bendera ngeni, lugha yake ikivuliwa herufi.
Na pale ukingoni mwa karatasi: kafu, nuni, zei.
Kanzi! Hazina iliyofichwa. Elimu hiyo.
Nikaandika. Huzuni, hazina, yajayo.
Nikahesabu: thelathini na tisa.
Likabaki moja, nikakosa la kutia.

Kisha mchwa.
Fremu ikabidi ivuliwe,
akaletwa Sekiete, seremala wa barabara ya kumi na mbili,
asubuhi randa, jioni anasomesha watoto chuoni Makorora.
Akang'oa misumari minne, akapuliza vumbi,
akainamisha kichwa kulia, unakoanzia mwandiko,
pale mbao ilipokuwa imeficha upana wa kidole kimoja.
Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Dada, pana neno jingine. Mimu, kafu, wau.
Na kafu ya wazee ilibeba ka, ikabeba na ga,
punda mmoja, mizigo miwili.
Soma mwenyewe: Mguu ganzi."

Nikampigia Dokta. Akasema isomwe "mkuu".
Akaongea dakika kumi na saba juu ya "mkuu".

Mimi nikarudi kwenye picha.
Bega la kushoto limepanda. Uzito wote
kauhamishia upande mmoja,
na jicho halikwepi: limetua kwenye mkeka
uliokunjwa kando ya mlango.
Huenda siku ya mwisho mgeni alimpa brashi
ajaze mistari kidogo, iwe pambo,
naye kwa adabu zote, bila kubadili uso,
akaweka shtaka lake.

Sijui kama alitunga au alinakili hati za madeni.
Huzuni labda alikuwa nayo, nani hana.
Ila namwona akiinuka, mkono ukutani,
sisimizi elfu wakipanda muundi,
mchoraji akimshukuru kwa lugha isiyomfikia,
naye akijibu, "Starehe," huku akichechemea kwenda Chumbageni.

Kikadi nimekichana. Mkuu anagonga mlango.
Nimeanza upya na lile moja lililobaki,
Mguu,
na nilipotaka kusimama nimfungulie
nikakuta na wangu, uliokunjwa chini ya meza tangu asubuhi,
haupo.